Una kijana maabara anayesoma tofauti za kike na kiume? Msaidie hivi

Anza na bajeti aisee, maana hapo ndo wengi wanakwama, mtu anataka kulinganisha panya dume na jike halafu anapewa hela ya madume tu, sasa atalinganisha nini? Kaeni mpige hesabu ya sampuli kabla hajaandika ombi la fandi, na mkumbushe kuwa NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, tangu 2016 inataka suala la jinsia liwe limefikiriwa kwenye dizaini ya utafiti.

Halafu takwimu. Hili linanikera kweli: dawa imefanya kazi kwa majike, kwa madume matokeo hayakufika kiwango cha kitakwimu, basi mtu anatangaza "kuna tofauti!" Hapana, lazima apime interaksheni, yaani alinganishe athari ya huku na ya kule moja kwa moja, kwa hiyo mtafutie mtu wa takwimu mapema, sio usiku wa kutuma pepa.

Wakimbana kwenye kikao eti homoni za majike zinachafua data, usikae kimya, mtetee. Uchambuzi mkubwa wa 2014 ulionyesha data za panya jike haziyumbi kuliko za madume.

Kwenye presentesheni aanze na zolpidem, ile dawa ya usingizi, mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishusha dozi ya wanawake toka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu asubuhi ilikuwa bado imo mwilini. Watu wanaelewa fasta.

Na mlipie ada ya mkutano wa OSSD, jumuiya ya watafiti wa tofauti za kike na kiume, akajuane na wenzake.