Kuitoa skrubu iliyodumbukia kwenye tundu la beseni la kuogea

Kabla ya chochote, funga maji na mwambie kila mtu nyumbani asifungue. Chini ya beseni bomba limepinda kama herufi U. Mafundi tunaiita trapu. Humo hubaki maji yanayozuia harufu ya mfereji, na humo ndimo vitu vizito hutua. Maji ya nguvu yakipita, kitu chepesi huvuka kona, na hapo utaishia kuvunja vigae. Nawasihi pia, msimimine dawa ya kuzibulia: haiyeyushi skrubu, na baadaye mikono yenu itaingia humohumo.

Hatua ya 1: toa chujio, mulika kwa tochi. Mara nyingi skrubu imenasa kwenye nywele, juu tu ya kona.

Hatua ya 2: funga sumaku ndogo kwenye waya, ishushe. Lakini ijaribu kwanza kwenye skrubu nyingine ya aina hiyohiyo iliyobaki. Shaba haivutwi na sumaku, na chuma kisichoshika kutu mara nyingi hakivutwi. Isipovutika, usipoteze muda.

Hatua ya 3: nyoosha hanga la waya, kunja ncha iwe ndoana ndogo. Ingiza taratibu, zungusha, vuta. Usisukume kamwe. Nywele zitakazotoka zichambue juu ya gazeti kabla ya kuzitupa. Nimeshaokota skrubu nyingi humo.

Hatua ya 4: fyonza kwa mashine, lakini ile tu inayoruhusiwa kufyonza maji; ya zulia inaweza kukupiga shoti. Vika mdomo wa mpira soksi nyembamba. Ziba kwa kitambaa kibichi lile tundu la juu linalopokea maji yanayozidi, la sivyo utafyonza hewa.

Swali: Shikamoo fundi. Yangu ni hereni ya dhahabu, kwenye sinki la kunawia.
Jibu: Marahaba mwanangu. Kwako ni rahisi. Weka ndoo chini, legeza kwa mkono nati mbili kubwa za trapu, mimina kilichomo kwenye ndoo. Ukirudisha, hakikisha washa, zile pete za kuzuia maji yasivuje, zimekaa sawa.

Swali: Mtoto ameshaoga kabla sijajua. Imekwenda?
Jibu: Usikate tamaa, ndugu yangu. Skrubu ya chuma ni nzito, huenda bado iko kwenye kona. Anza na hatua ya 1.

Swali: Nikiiacha je?
Jibu: Itakusanya nywele na sabuni mpaka bomba lizibe. Itoe leo.