Namna ya Kupokezana Riwaya ya Taharuki ya Nyumbani bila Kuharibiana Uhondo

Wasomaji watano au sita kupokezana kitabu kimoja ni desturi ya kawaida mahali ambapo vitabu ni ghali na nakala ni chache. Riwaya ya taharuki ya nyumbani, ambayo hatari yake inatoka kwa mume, mke, mama mkwe, yaya au jirani aliyezoeleka, ina masharti yake ya ziada. Riwaya ya mapenzi unaweza kusimuliwa mwisho wake na bado ukaisoma kwa raha. Katika hii, neno moja likimponyoka mtu wakati wa mazungumzo, msomaji anayefuata ameshanyang'anywa kitu ambacho hakuna awezaye kumrudishia. Kwa hiyo kikundi kinapaswa kukubaliana mapema juu ya mambo mawili: nakala itasafiri vipi, na maoni yatasubiri wapi hadi wote wamalize. Mfano nitakaoutumia ni riwaya ya Daphne du Maurier iitwayo Rebecca, iliyotoka mwaka 1938, inayomhusu msichana aliyeolewa na mjane tajiri na kupelekwa kuishi katika jumba la Manderley, ambako kumbukumbu ya mke wa kwanza bado imetawala.

Anzeni na orodha ya zamu. Mwenye kitabu asome kwanza, na sababu yake ni ya kivitendo: kitabu kilichonunuliwa mitumba huenda kimepungukiwa kurasa, na katika riwaya za aina hii kukosa karatasi mbili za mwisho ni msiba kwa kikundi kizima. Msomaji wa polepole asiwekwe mwisho, kwa maana wenzake wote watakuwa wanamsubiri na shinikizo litamfanya aruke kurasa. Mahali pake ni katikati. Aliyekwisha kutazama filamu ndiye awe wa mwisho. Filamu ya Rebecca ya Alfred Hitchcock ilitoka mwaka 1940, na kanuni za maadili za Hollywood za wakati huo zilisababisha jambo moja kubwa la hadithi libadilishwe, ambalo silitaji hapa. Mtu anayezungumza kwa kutegemea filamu anaweza kutoboa siri na wakati huohuo kuwapotosha wenzake. Kila mtu apewe wiki mbili, na anayejua kwamba hatamaliza aseme mapema ili zamu ibadilishwe.

Kabla kitabu hakijaondoka, kivalisheni jalada la karatasi ya kaki kama tulivyokuwa tukifanya shuleni. Kaki hulinda pembe, lakini faida yake kubwa zaidi katika safari hii ni kuficha maandishi ya jalada la nyuma, ambayo mara nyingi huandikwa na wauzaji wanaotaka kunasa mnunuzi kwa gharama ya msomaji. Ndani ya jalada la mbele bandikeni karatasi yenye majina ya wasomaji, tarehe ya kupokea na tarehe ya kukabidhi. Mtandao wa BookCrossing, ulioanzishwa Marekani mwaka 2001, huipa kila nakala namba yake ili wasomaji waandike ilikopitia. Kikundi cha watu sita kinatoshelezwa na karatasi hiyo moja.

Pembezoni mwa kurasa pasiandikwe chochote. Katika kitabu cha shule mstari wa penseli ni msaada, lakini katika riwaya ya taharuki mstari uliopigwa chini ya sentensi inayoonekana ya kawaida humwambia msomaji anayefuata kwamba sentensi hiyo ina jambo, na hapo mwandishi aliyejitahidi kulificha amefanya kazi bure. Ukurasa uliokunjwa pembe nao hutoa ushahidi uleule. Tumieni alamisho ya karatasi, na kila mmoja aitoe yake kabla ya kukabidhi.

Maoni yanahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo ni bahasha. Kila msomaji awe na bahasha yake yenye jina, na kikundi kikubaliane juu ya vituo viwili vya kusimama na kuandika kabla ya mwisho. Rebecca ina sura 27. Kituo cha kwanza kinafaa kuwa mwishoni mwa sura ya 7, wakati mke mpya ameshafika Manderley, na cha pili mwishoni mwa sura ya 15, kwa kuwa baada ya hapo sioni ni msomaji gani atakayekubali kusimama. Kwenye kituo andika mambo matatu: unamshuku nani, kwa sababu gani, na ni ukurasa upi uliokutia shaka. Kwa mfano: “Sura ya 7. Bi Danvers, msimamizi wa jumba, ananitisha, lakini ninayemshuku ni mume, kwa sababu habari za mke wa kwanza zikikaribia kutajwa hubadilika sura au hunyamaza.” Weka tarehe, kunja karatasi, itie ndani ya bahasha na uifunge. Maoni ya namna hii yana thamani kwa sababu yaliandikwa kabla mwandikaji hajajua. Baada ya ukurasa wa mwisho kila mtu hudai kwamba alishajua tangu mwanzo, na bila bahasha hakuna wa kumpinga.

Sehemu ngumu ni mazungumzo ya katikati ya safari. Mwenzako akikuuliza umefika wapi, mtajie namba ya sura na uishie hapo. Usimwambie “ngoja ufike pale kwenye dansi”, wala “hutaamini mwisho wake”. Kauli hii ya pili inaonekana haina madhara, ila humfanya msomaji amshuku kila mhusika anayebisha hodi, akamsahau yule aliyeketi kimya jikoni. Mwenye zamu akitoa dhana yake kwenye kundi la WhatsApp, waliotangulia wasiithibitishe, wasiikanushe, na wasiweke kikaragosi cha kicheko, kwani nacho ni jibu. Tamthilia ya Agatha Christie iitwayo The Mousetrap ilianza kuonyeshwa London mwaka 1952, na watazamaji wake huombwa mwishoni wasimtaje muuaji nje ya ukumbi. Ombi hilo humfanya mtazamaji kuwa mshirika katika siri, na kikundi cha wasomaji kinaweza kuomba vivyo hivyo siku ya kwanza.

Kinachoruhusiwa kusemwa ni kile ambacho mwandishi mwenyewe amekitoa katika sura ya kwanza. Msimulizi wa Rebecca anaanza kwa kuota kwamba amerudi Manderley, na mara moja tunaelewa kwamba makazi yale yameshapotea. Hilo mnaweza kulijadili hadharani. Vilevile, onyo kuhusu maudhui si kutoboa siri. Mtu anayeishi na ukatili nyumbani kwake, au aliyeukimbia, ana haki ya kujua kwamba kitabu anachopewa kina mume anayemtisha mkewe, na mwenye kitabu amwambie faraghani kabla zamu yake haijafika. Akikataa kusoma, asiulizwe sababu.

Siku ya kukutana, fungueni bahasha kwanza, zikisomwa kwa mpangilio wa zamu, kisha nendeni kwenye swali kuu: je, mwandishi alituchezea haki? “Sikutarajia” na “nilidanganywa” ni hukumu mbili tofauti, na mnaotoa hukumu ya pili mnapaswa kuonyesha ukurasa. Rudini nyuma mtafute dokezo lilikuwa wapi. Msimulizi wa Rebecca, ambaye hatajwi jina lake mwanzo hadi mwisho, ni kijana mwenye haya anayejaza mapengo ya asiyoyajua kwa mawazo yake mwenyewe. Anakosea mara nyingi, lakini hatufichi alichokiona.

Swali la pili ni la nyumba yenyewe: nani anashika funguo, nani anaamua chakula, nani anasikilizwa na watumishi. Tazameni dawati la mke wa kwanza, ambalo vijisanduku vyake bado vina maandishi ya mkono wake yakitenganisha barua, mambo ya nyumba na orodha za vyakula, na mke mpya anaketi mbele yake akiwa karibu hana mtu wa kumwandikia. Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga, mke aliyekuta wifi au msaidizi wa nyumbani akimlinganisha na aliyemtangulia si mgeni, na mjadala wenu utanoga hapo. Mwenyekiti awe macho tu mjadala usigeuke kuwa wa ndoa ya jirani.

Mwishowe andikeni maoni mafupi ya pamoja kwa ajili ya walio nje ya kikundi: kitabu kinamfaa nani, mwendo wake ukoje, wapi kinachosha. “Ni nzuri sana, lazima uisome” haimsaidii mtu. Afadhali: “Nusu ya kwanza inakwenda polepole kwa makusudi. Aliyezoea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa hufika na kuufumbua mkasa, ajue kwamba hapa hakuna mpelelezi wa namna hiyo wa kumwongoza. Atapapasa gizani pamoja na msimulizi.”

Kabla nakala haijaingia kwenye orodha mpya, toeni bahasha zote, kagueni kurasa dhidi ya mwanga ili kuona kama kuna alama ya kalamu au ukucha, na mbadilishe kaki ikiwa imechakaa. Karatasi ya majina ibaki, na chini yake muache nafasi ya kutosha.