Namna ya Kupasua Jengo kwa Kamera ya Filamu Inayozungushwa kwa Mkono
Katika filamu ya mwongozaji wa Kisovieti Dziga Vertov ya mwaka 1929, Man with a Movie Camera, iliyopigwa na nduguye Mikhail Kaufman, jengo la ukumbi wa maonyesho wa Bolshoi mjini Moscow huonekana likipasuka katikati na kujikunja. Ukitaka kuiga, simamisha kamera imara, ziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, kisha piga ukiiinamisha kamera polepole upande mmoja huku ukihesabu mizunguko ya mpini unaoendesha mkanda. Funika lenzi yote, rudisha mkanda nyuma kwa mizunguko ileile, hamisha kadi upande wa pili na upige tena ukiinamisha kinyume. Hesabu isikupotee, kwani kwa kawaida mzunguko mmoja ni picha 8. Kadi ikiwa karibu na lenzi, mpaka kati ya nusu mbili za picha hufifia. Nami napendelea hivyo, maana mshono hujificha.