Kabla hujaketi mezani Kinshasa au Lubumbashi

Anayekwenda Kongo kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam au Nairobi hushughulikia pasipoti, tiketi na dola, na suala la chakula hulisukuma mbele kwamba litajulikana hukohuko. Lakini mengi yanayomlaza mgeni kitandani siku ya tatu huamuliwa kabla hajapanda ndege: amechanjwa nini, amebeba noti za aina gani, anajua majina gani ya vyakula, na amepanga kula saa ngapi. Hapa tunazungumzia Kinshasa na Lubumbashi. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari na Februari 2025, na safari ya huko inataka maandalizi mengine mazito zaidi ya haya.

Nenda kliniki ya chanjo mwezi mmoja kabla ya safari, si wiki moja. Kadi ya homa ya manjano utaulizwa mpakani, na chanjo yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Mwenye kadi ya zamani asihangaike: tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Ukiwa hapohapo uliza pia chanjo za homa ya ini aina ya A, taifodi na kipindupindu, kwa kuwa maradhi haya matatu hupitia kwenye maji na chakula. Kwenye begi weka kipimajoto na pakiti kadhaa za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikikuishia, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wengi hukosea kwenye chumvi, na ikizidi inaweza kumdhuru mgonjwa, hasa mtoto. Onja kwanza; kinywaji kisizidi machozi kwa chumvi.

Pesa ya chakula ni ya aina mbili, faranga za Kongo na dola za Marekani, na kila moja ina masharti yake. Dola yenye mchaniko mdogo kabisa pembeni, doa la wino au toleo la zamani hukataliwa, hata kama ni halali benki. Faranga iliyochakaa hupokelewa bila neno. Kwa hiyo kagua dola zako kabla ya kuondoka, zishike moja moja kwenye mwanga, na zilizo na kasoro ziache nyumbani. Beba noti za 5, 10 na 20 zilizo safi. Noti ya 1 husumbua. Mama muuzaji wa mtaani mlipe kwa faranga ndogondogo. Hotelini bei huandikwa kwa dola na chenji hurudishwa kwa faranga, kwa kiwango ambacho nyumba yenyewe imejipangia, basi ulizia kiwango kabla hujaagiza. Ulizia pia kama kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, imo ndani ya bei au itaongezwa mwishoni.

Kuhusu saa: Kinshasa iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili, Lubumbashi kwa saa moja. Watu wengi mjini hutaja saa kwa Kifaransa, kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane, hivyo ukikubaliana na mtu kukutana kwa chakula hakikisheni mnazungumza saa ileile.

Mahali pa kula Kinshasa pamegawanyika hivi. Gombe ndiko kwenye ofisi, balozi na migahawa ya gharama. Malewa ni vibanda vya chakula cha mchana, masufuria yamepangwa juu ya meza au benchi, unaonyesha unachotaka na unapakuliwa. Nganda ni baa yenye viti nje, nyama na samaki wanachomwa jioni. Bandalungwa, ambako wenyeji hupaita Bandal, na Matonge kuna nyingi. Kinkole, upande wa mashariki kando ya mto, ndiko watu huenda kwa ajili ya samaki wabichi wa kuchoma. Lubumbashi mambo ni mepesi zaidi kwa Mswahili kwa sababu ya lugha: tembelea mitaa ya Kamalondo na Kenya (ndiyo, kuna wilaya ya mji inayoitwa hivyo, na soko lake ni kubwa), utaelewana na wauzaji ingawa Kiswahili chao kimechanganyika na Kifaransa.

Malewa isikuogopeshe. Ukienda kati ya saa sita na saa nane mchana, chakula kimeiva asubuhi hiyohiyo, sufuria bado iko motoni na wateja wanaipunguza haraka. Pahala hapohapo saa kumi na moja jioni pana hatari zaidi kuliko baa ya usiku, kwa sababu kilichobaki kimekaa uvuguvugu kutwa. Tazama sufuria, si kibanda. Mvuke unatoka? Mwiko unaingia sufuria moja au unazunguka zote? Sahani zinasuuzwa kwenye beseni gani, na maji yake yamebadilishwa lini? Wali uupime kwa ukali kuliko vyote. Vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa, huzaliana wali ukipoa taratibu, na sumu wanayoacha haiondoki kwa kuukaanga upya. Bukari au fufu, yaani ugali wa huko, iliyosongwa sasa hivi ina usalama zaidi.

Sasa majina. Ugali Lubumbashi ni bukari, wa mahindi au mahindi yaliyochanganywa na muhogo. Kinshasa ni fufu, na muhogo humo huwa mwingi. Kisamvu ni sombe huko mashariki na kusini, pondu Kinshasa. Mchicha ni lengalenga. Kwa Kilingala mbuzi ni ntaba, kuku ni soso, nguruwe ni ngulu, samaki ni mbisi, maharage ni madesu, wali ni loso, karanga ni nguba, ndizi za kupika ni makemba. Asiyekula nguruwe ajifunze sentensi moja, «nalyaka ngulu te», aiseme kabla nyama haijawekwa kwenye wavu, kwa maana jioni ngulu na ntaba huchomwa jiko moja, kwa kisu kimoja. Anayetafuta nyama ya halali aulize karibu na msikiti au kwenye migahawa ya Walebanoni, si kwenye nganda. Mwenye mzio wa karanga aseme «nalyaka nguba te», kisha asitosheke na jibu la haraka: karanga zilizosagwa huingia kwenye mboga za majani na kwenye mchuzi wa kuku, na hazionekani kwa macho.

Muhogo una jambo lake. Mizizi na majani yote hubeba kemikali inayotoa sianidi ikisagwa, na maandalizi ndiyo yanayoiondoa: mizizi hulowekwa siku tatu au nne, majani hutwangwa kisha huchemshwa muda mrefu bila kufunikwa kabisa. Haraka ya mpishi huonekana. Sombe iliyoiva ni ya kijani kilichofifia, laini, imeshikana na mafuta ya mawese. Ile iliyoharakishwa ina kijani kibichi, harufu ya nyasi na ladha ya uchungu. Ukisikia uchungu, weka kijiko chini. Kwa fufu yenye uchungu fanya vivyo hivyo.

Kwanga, au chikwangue kwa Kifaransa, ndiyo chakula bora cha kubeba njiani. Ni unga wa muhogo uliochachushwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, na hudumu siku kadhaa bila friji. Nunua iliyofungwa kamba imara, majani hayajapasuka. Uchachu kidogo ni wa kawaida. Madoa meusi, ya kijani au ya rangi ya waridi ni ukungu. Usikate sehemu hiyo ukala iliyobaki.

Liboke ni samaki aliyetiwa kitunguu, nyanya, pilipili na chumvi, akafungwa kwenye majani mapana na kuwekwa juu ya makaa. Agiza wa ngolo, yaani kambale, wakufungulie mbele yako: nyama iachane na mfupa yenyewe, na karibu na uti wa mgongo pasiwe na wekundu wala utelezi. Akiwa bado mbichi, arudishwe motoni. Wapishi wa Kinkole hawachukii ombi hilo.

Samaki wa barafu ndiye wa kumwangalia zaidi. Kinshasa huitwa mpiodi, Lubumbashi Thomson, ni jamii ya vibua waletwao wamegandishwa kutoka baharini, na ndiye kitoweo cha watu wengi. Umeme ukikatika barafu huyeyuka, ukirudi hugandishwa tena, na katikati hapo nyama yake hutengeneza histamini, ambayo haiondolewi na moto wala mafuta. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja: uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga, ngozi kuwasha, moyo kwenda mbio. Kabla ya hapo ulimi wenyewe hutoa taarifa, kwani samaki huwa na mchomo kama wa pilipili ilhali hakutiwa pilipili. Tema. Mara nyingi hali hupoa kwa dawa ya mzio, ila kifua kikibana nenda hospitali mara moja.

Viwavi waliokaushwa, mbinzo kwa Kilingala, ni chakula cha heshima na chenye protini nyingi. Chagua wakavu, wasio na unga wa ukungu, na waoshwe mara kadhaa kabla ya kupikwa ili mchanga utoke. Mwenye mzio wa kamba wa baharini au kaa asiwaguse, kwa sababu mzio huo unaweza kumrukia hapo pia. Mafuta ya mawese nayo huwalegeza tumbo wasioyazoea, bila ugonjwa wowote. Siku mbili za mwanzo omba mchuzi kidogo.

Nyama ya porini ikatae kwa adabu. Nyani, popo na wanyama waliookotwa wamekufa wamehusishwa na Ebola, na moshi hukausha ngozi ya juu huku ndani pakibaki pabichi. Mpox, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangazia dharura Agosti 2024, nayo ina uhusiano na kugusa wanyama wa porini. Kakakuona hana mjadala: biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na mabaki ya nyama kwenye sanduku yanaweza kukufikisha mahakamani uwanja wa ndege.

Maji ni ya chupa yenye pete isiyovunjika kwenye kizibo, au uliyochemsha hadi yakatokota kwa dakika moja. Barafu kataa. Pombe za kienyeji zilizokenekwa, kama lotoko, ziache kabisa, kwa kuwa methanoli haina harufu ya kuitambua.

Ukirudi nyumbani, homa usiihesabie chakula. Pima malaria siku hiyohiyo, hata kama wiki kadhaa zimepita, na mwambie daktari ulikuwa Kongo kabla hajakuuliza. Kuhara damu, au kuhara maji yasiyokatika yanayofanana na ya mchele, hakusubiri asubuhi.