Mwaridi wa mashada wa rangi ya machungwa kwenye ardhi ya Malindi

Mwaridi ukifa Malindi, lawama hutupiwa joto. Joto lina sehemu yake, lakini mara nyingi kilichouua kilikuwa shimoni na ndooni: udongo wa matumbawe uliojaa chokaa, na maji ya kisima yenye chumvi. Haya mawili ukiyamaliza tangu mwanzo, floribunda, yaani mwaridi unaotoa maua kwa mashada badala ya ua moja juu ya bua refu, haudeki. Kwa kuwa huku hakuna baridi ya kuulaza, huchanua karibu mwaka mzima.

Katika aina za rangi ya machungwa zisizougua ovyo, Livin' Easy ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Ilizalishwa na Harkness, wakuzaji wa miwaridi wa Uingereza, ambako huitwa Fellowship, na mwaka 1996 ilipata tuzo ya All-America Rose Selections ya Marekani. Easy Does It, ya Harkness hao hao, ina rangi ya embe bivu. Hata hivyo miche mingi hutoka bara na vibandiko vya majina hupotea njiani, kwa hiyo chagua kwa macho. Taka mche wenye ua lililokwisha funguka ili uione rangi yenyewe, wenye matawi matatu au zaidi yaliyoanzia kwenye kinundu kilicho chini ya shina, pale ulipopandikizwa kwenye mzizi wa mwaridi mwingine. Majani yawe mazito na ya kung'aa. Geuza machache: ukiona vidoadoa vyeupe na utando mwembamba kwa chini, ni utitiri huo, uache hapo hapo kwa muuzaji.

Mahali

Mwaridi unataka jua tangu saa moja asubuhi hadi kama saa saba, kisha kivuli chepesi. Jua la alasiri la Januari huipausha rangi ya machungwa kwa siku moja, na ukuta uliopakwa chokaa unaotazama magharibi huongeza moto wake. Kwa hiyo upande wa mashariki wa nyumba ndio bora. Tatizo ni kwamba Malindi upande huo ndio wa bahari, na kusi inapovuma huleta chumvi hewani. Dawa yake ni uzio wa bogonvilia, au wa makuti wa kimo cha mtu, ulio mita 2 au 3 mbele ya mwaridi. Uzio wenye matundu hufaa kuliko ukuta mzima, kwani upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka kwa fujo nyuma yake. Nyumba zilizo karibu kabisa na ufuo zisuuze majani kwa maji baridi yasiyo na chumvi asubuhi baada ya upepo mkali, mapema ili yakauke upesi.

Usipande chini ya mwarobaini. Mizizi yake itanywa maji kabla ya mwaridi kuyafikia.

Shimo

Kabla ya kuchimba, chukua kiganja cha udongo kutoka kina cha mkono na umiminie siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Sehemu kubwa ya mji utachemka. Watu hununua unga wa salfa kupunguza ukali wa chokaa. Kwenye udongo wenye vipande vya matumbawe hizo ni pesa za kutupa, kwa sababu kila kipande kinaendelea kuyeyuka polepole na kurudisha chokaa ile ile. Afadhali ubadilishe udongo.

Chimba sentimita 60 kwa 60, kina 50. Shimo hilo hujaa kwa madebe 9 hivi ya lita 20: madebe 4 ya udongo mwekundu wa upande wa Magarini, madebe 3 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, na madebe 2 ya ule mchanga wa juu uliochimba hapo hapo, baada ya kuokota mawe meupe yote. Samadi iliyooza haina harufu kali na haina joto ukiingiza mkono. Ya kuku iache, ina chumvi nyingi na huunguza. Mchanga wa ufuoni na mwani usiviguse kabisa.

Ukikuta mwamba kabla ya kufika sentimita 50, usiutoboe ukafanya bakuli: mvua za Mei zitajaa humo na mizizi itaoza. Jenga tuta la mawe la kimo cha sentimita 40, au kata pipa la plastiki la lita 200 katikati, toboa matundu 8 chini, ulijaze mchanganyiko ule ule.

Wakati wa kupanda ni Juni, masika yanapopungua nguvu na ardhi bado ina unyevu. Mche hupata miezi ya baridi ya kusi kusambaza mizizi kabla kaskazi haijaja na ukavu wake. Anayepanda Desemba atamwagilia mara mbili zaidi na bado atapoteza miche. Kinundu kibaki sentimita 2 au 3 juu ya udongo. Shindilia kwa mikono, si kwa mguu, kisha mimina lita 20.

Maji, na chumvi yake

Kosa la kawaida ni vikombe viwili vitatu kila jioni. Maji machache huishia juu, hukauka, na chumvi yake hubaki pale ilipo mizizi. Mwagilia kwa nadra lakini kwa wingi: lita 10 hadi 12 kwa kila mti, mara mbili kwa wiki Juni mpaka Septemba, na kila baada ya siku mbili wakati wa kaskazi. Kama kisima ni cha maji ya chumvichumvi, kila wiki mbili mimina lita 40 kwa mpigo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Maji ambayo ulimi unayatambua kuwa na chumvi hayafai mwaridi hata ufanyeje.

Mvua ndiyo tiba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo paa la mabati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hutoa hadi lita 1,000, ukiacha kinachomwagika. Tangi moja likitengewa miwaridi peke yake litaivusha sehemu kubwa ya kaskazi.

Funika udongo kwa makumbi ya nazi, mgongo juu, ukiacha sentimita 10 kuzunguka shina kwa sababu ya mchwa. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, uliofukiwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya kusuka kamba usiutumie, umejaa chumvi.

Majani yatakuambia mambo yanavyokwenda. Kingo zikikauka kahawia kuanzia ncha, ni chumvi. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, chokaa imefunga madini ya chuma: nunua kwenye agroveti chuma cha aina ya EDDHA, na soma kifurushi vizuri, maana ile ya EDTA haifanyi kazi kwenye udongo wa chokaa. Majani ya zamani yakigeuka manjano mazima mazima, mti una njaa au umezama maji. Kwa njaa, mbolea ya NPK 17:17:17 kijiko kimoja cha chakula kila wiki sita, kinyunyizwe mbali kidogo na shina, maji kabla na maji baada. Januari na Februari usitie mbolea.

Kukata

Katika shada, tumba la katikati hutangulia kufunguka na kunyauka wakati wenzake ndio kwanza wanaanza. Lichume likiwa bado dogo kama punje ya mbaazi, na shada zima litafunguka pamoja. Maua yakiisha, kata shada lote hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje, nusu sentimita juu yake.

Ukataji mkubwa ni Agosti: punguza thuluthi moja ya kimo, ondoa matawi makavu na yanayokwaruzana. Maua mapya huja wiki sita au saba baadaye. Machi punguza kidogo tu. Usikate sana Januari, shina lililozoea kivuli cha majani litaungua. Chipukizi likitoka chini ya kinundu ling'oe kwa kulivuta, usilikate, vinginevyo litarudi na mwisho utabaki na mwaridi wa porini.

Wadudu na madoa

Madoa meusi yenye kingo za nyuzinyuzi huja masika, kwani ukungu wake unahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa saba hivi. Okota majani yaliyoanguka, na usimwagilie juu ya majani jioni. Floribunda nzuri hupoteza majani ya chini na kuendelea.

Utitiri huja na kaskazi. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Mara nyingi hilo latosha. Ukizidi, twanga gramu 500 za mbegu kavu za mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, ongeza vijiko viwili vya sabuni ya maji, unyunyize jua likishazama maana mwanga huiharibu dawa. Rudia baada ya siku saba. Dawa ya unga ya salfa isitumike miezi hiyo: joto likipita nyuzi 30 huunguza majani kuliko utitiri wenyewe.