Vifaranga 100 wa siku moja: kuwapokea, usiku wa kwanza na wiki nne za joto

Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 40 hivi. Mwilini ana malaika tu, manyoya bado, na kwa wiki mbili za mwanzo hawezi kujitunzia joto mwenyewe. Akipoa hasogei kwenye maji, asipokunywa hali, na asipokula leo keshokutwa unamkuta amelala ubavu. Ndiyo maana vifo vingi vya wiki ya kwanza si vya ugonjwa. Ni baridi, kiu na kulaliana. Mfugaji mgeni mwenye hofu hukimbilia duka la dawa za mifugo akarudi na mifuko ya antibaiotiki, ilhali bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, imepoa. Fedha ya kwanza iende kwenye mkaa, maranda na vyombo vya maji.

Hesabu zote hapa ni za vifaranga 100. Wawe wa nyama, wa mayai au chotara, mwanzo wao ni mmoja.

Bruda iwe tayari kabla hujaenda kuwachukua

Osha chumba, piga dawa ya kuua vijidudu, kiache kikauke kabisa. Kisha tengeneza duara. Chukua hadibodi moja ya futi 8 kwa 4, ipasue kwa urefu upate vipande vitatu vyenye kimo cha sentimita 40 hivi, uviunganishe. Utapata duara la kipenyo cha mita 2 na kidogo, linalowatosha vifaranga 100 kwa siku za mwanzo. Umbo la duara lina sababu. Vifaranga wakiona baridi au wakishtuka hukimbilia kona, hupandana, na wa chini hukosa hewa wakafa ndani ya dakika chache. Kama una boksi la pembe nne, ziba kila kona kwa kipande cha katoni kilichopindwa.

Sakafuni mwaga maranda makavu yenye kina cha sentimita 5 hadi 8. Yawe maranda ya randa, si vumbi la msumeno: vumbi huingia kwenye mapafu, na vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula. Epuka maranda ya mbao zilizotiwa dawa. Pumba za mpunga zinafaa zikiwa kavu na hazina harufu ya ukungu, kwa sababu ukungu huo ukivutwa huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya maana. Juu yake tandika magazeti kwa siku mbili za mwanzo ili waone chakula, kisha uyatoe. Usitandike karatasi za kung'aa wala nailoni. Miguu huteleza na kutanuka pembeni, na kifaranga wa hivyo hafiki tena kwenye maji.

Sasa joto. Wengi watatumia jiko la mkaa, na linafaa, lakini lina hatari yake. Mkaa, hasa ambao haujakolea, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Liwashie nje, lisubiri mpaka moshi uishe na makaa yote yawe mekundu, ndipo uliingize. Lizungushie matofali au wavu wasiungue. Madirisha ya wavu yafunikwe kwa turubai kutoka chini kwenda juu, na juu kabisa, chini ya paa, paachwe wazi kiasi cha kiganja au zaidi ili hewa chafu itoke. Usizibe chumba chote kwa sababu ya kuogopa baridi, na mtu yeyote asilale humo. Ukitumia taa ya joto ya wati 250, moja inatosha. Ining'inize kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, sentimita 45 kutoka kwenye maranda. Hata ukiwa na taa, jiko na debe la mkaa viwe karibu. Umeme ukikatika saa 9 usiku huna pa kununua mkaa.

Anza kupasha joto muda wa saa 12 kabla hawajafika. Hewa hupata joto upesi, ila sakafu ya saruji huchelewa, na saruji baridi hunyonya joto la kifaranga kupitia miguuni. Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita 5 juu ya maranda. Kisome nyuzi 33 hadi 35.

Saa za mwanzo

Makasha mengi ya vifaranga yana vyumba vinne, kila kimoja 25. Wakisafirishwa kwa basi, makasha yasikae juani, wala kwenye buti, wala yasibebanishwe bila nafasi ya hewa. Safari ya siku nzima wanaistahimili kwa sababu wana kiini cha yai tumboni kinachowalisha kwa siku mbili hivi, lakini kiini hakiwaondolei kiu.

Ukifika usikae kuwapiga picha. Wahesabu huku ukiwatazama: macho yang'ae, kitovu kiwe kimefunga na kukauka, miguu isimame. Mwenye kitovu kibichi au chenye harufu mtenge; kitovu kilichoingia vijidudu huua ndani ya siku chache. Kila unayemtoa, chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji mara moja, umwache karibu na chombo. Ni kazi ya dakika 20 kwa vifaranga 100. Usiiache. Wakishajua kunywa kumi, wengine watawaiga, ila dhaifu hawana muda wa kusubiri kuiga.

Maji yawe yamelala ndani ya bruda, yasiwe ya baridi. Kwa saa tatu au nne za kwanza weka glukosi vijiko viwili vya chakula kwa lita 1. Baada ya hapo toa. Glukosi ya siku nzima huleta kuhara na kunatisha malaika. Kisha wape maji safi, au yenye vitamini kama kopo linavyoelekeza, kwa siku tatu hadi tano. Vyombo viwili vya lita 4 vinatosha, ingawa vinne vidogo ni bora zaidi kwa kuwa kifaranga halazimiki kutembea mbali. Weka gololi au kokoto safi kwenye mkondo wa maji ili mdogo asizame.

Chakula kifuate ndani ya saa moja au mbili. Kimwage kidogo juu ya magazeti na kwenye trei nne za mayai, ukiongeza mara tano au sita kwa siku. Kidogo kidogo huwaamsha kula. Kikijazwa asubuhi hadi jioni kimechanganyika na mavi. Chakula kiwe cha kuanzia cha aina yao. Cha kuku wanaotaga usiwape hata kama kimebaki kwenye gunia: kina chokaa nyingi, na figo za kifaranga haziwezi kuihimili. Kwa wiki ya kwanza vifaranga 100 wa mayai hula kilo 8 hivi. Wa nyama hufika kilo 15 au zaidi. Wa nyama wakila chini ya hapo, tafuta kasoro kwenye joto au maji kabla hujalaumu chakula.

Usiku wa kwanza

Huu ndio usiku wa kukesha. Pita saa 4, saa 7 na saa 10, na ile ya saa 10 usiikose, maana alfajiri ndipo baridi hukolea na mkaa umekuwa majivu. Kabla hujawasha tochi, simama mlangoni usikilize. Sauti ndogo za hapa na pale ni za raha. Kelele kali, za juu, zisizokoma ni za baridi au kiu. Kimya chenye kuhema ni joto.

Kisha tazama walivyokaa, kwa kuwa wao wenyewe ni kipimajoto bora kuliko kile ulichonunua. Wakirundikana chini ya taa au kuzunguka jiko, joto halitoshi: ongeza makaa, au shusha taa sentimita 5. Wakiwa wamejibana ukingoni mbali na joto, midomo wazi na mabawa yameachama, pandisha taa au punguza makaa mara moja. Joto huua upesi kuliko baridi. Wakijikusanya upande mmoja tu, upepo unaingia upande wa pili, nenda ukauzibe. Wakitapakaa, huyu analala, yule anakunywa, mwingine anadonoa, waache. Usiwaguse.

Ukikuta wamelaliana, watawanye kwa mikono taratibu, kisha shughulikia baridi iliyowapeleka hapo. Kuwatawanya peke yake hakusaidii, baada ya dakika kumi watakuwa wamerudi.

Kuna vipimo viwili vingine vinavyoondoa wasiwasi kwa namna ambayo kutazama tu hakuondoi. Kwanza, mshike kifaranga umguse miguu kwenye shavu lako. Miguu ikiwa baridi, sakafu ni baridi, hata kama kipimajoto kinasoma 33. Pili, saa nane baada ya kuwashusha, kamata vifaranga 20 bila kuchagua, ubonyeze polepole gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo. Angalau 16 wawe wameshiba. Gole laini kama uji mzito ni zuri. Likiwa gumu, wamekula bila kunywa. Likiwa la maji matupu, hawajaona chakula: ongeza mwanga na trei. Kesho yake muda kama huo karibu wote wawe wameshiba.

Kifo kimoja, viwili, hata vitatu kwa vifaranga 100 katika wiki ya kwanza si janga, na havikufanyi mfugaji mbaya. Vikizidi hapo, au wakifa watano kwa siku moja, mpigie afisa mifugo na umpe mzoga wa karibuni, usiofukiwa.

Siku zinazofuata

Punguza nyuzi 3 kila wiki: wiki ya pili 30 hivi, ya tatu 27, ya nne 24. Hizi ni namba za kuongozea tu. Anayefuga Njombe mwezi wa Julai atawasha moto hadi wiki ya tano. Anayefuga Dar es Salaam mwezi wa Januari, mchana huenda asiwashe kabisa baada ya siku kumi, ila usiku awashe. Duara litanue kuanzia siku ya nne, na kufikia siku ya 10 hadi 14 uliondoe. Maranda yaliyolowa chini ya vyombo vya maji toa kila siku, na vyombo viinue juu ya tofali kimo cha mgongo wa kifaranga. Ukiingia macho yakakuwasha, hewa imeshaharibika. Fungua juu, badilisha maranda.

Mavi yakiganda nyuma ya kifaranga huziba njia ya haja na kumwua. Lowesha kwa pamba na maji vuguvugu hadi yalainike, futa, kausha, mrudishe kwenye joto. Usibandue makavu, ngozi huchanika. Na usikosee ukavuta kikonyo cheusi kilicho tumboni: hicho ni kitovu, kitaanguka chenyewe.

Panya hubeba vifaranga usiku mmoja mmoja. Tundu lolote linalopitisha kidole gumba liwekee wavu. Siafu ni hatari kuliko panya kwa sababu huja kwa maelfu. Safisha majani kuzunguka banda na umwage majivu kwenye ukingo wa msingi.

Chanjo sasa. Ya mareksi, ugonjwa unaopoozesha kuku, hutolewa kituoni wanakototoleshwa. Uliza kabla ya kulipa, hasa kwa wa mayai. Ratiba inayotumika sana ni kideri (mdondo) siku ya 7, gumboro (ugonjwa unaoharibu kinga ya mwili) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui wiki ya sita hadi ya nane kwa watakaokaa muda mrefu. Thibitisha na afisa mifugo wa eneo lako. Chanjo ya I-2 ya kideri inayotengenezwa Kibaha hudondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko nyingine. Hizo nyingine zibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu.

Chanjo ya kuchanganywa na maji ya kunywa huharibiwa zaidi na mfugaji kuliko na kiwanda. Toa maji saa 12 asubuhi, uwaache saa moja na nusu wapate kiu. Kukiwa na joto kali saa moja yatosha. Tumia chombo cha plastiki kilichosuuzwa bila sabuni, na maji ya kisima au ya mvua yasiyo na dawa. Koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta kijiko kimoja cha chai kwa lita, ndipo uchanganye chanjo. Lita 1 siku ya 7, lita 1.5 hadi 2 siku ya 14, lita 2.5 siku ya 21. Wayamalize ndani ya saa mbili. Siku hiyo usiweke dawa yoyote kwenye maji.

Kuanzia wiki ya tatu angalia kuhara damu. Huja na maranda mabichi. Ukiona mavi yenye damu na vifaranga wamejikunyata mabawa yakiwa chini, badilisha maranda yote siku hiyo hiyo na uwape dawa ya amproliamu kwa kipimo cha kwenye pakiti. Antibaiotiki ya kawaida haigusi ugonjwa huo.

Mwisho wa wiki ya nne, manyoya yakishafunika mgongo na kifua, acha moto uzime mchana kwa siku tatu, kisha usiku mmoja, nawe upite saa 10 kuwatazama walivyokaa. Wakiwa wametapakaa, ondoa jiko.