Ng'ombe Akitoka Kukamuliwa, Usimshibishe Bandani

Ng'ombe wa maziwa hali majani kutwa nzima. Hula kwa mikupuo: mmoja alfajiri, mwingine mkubwa zaidi jua likielekea kuzama, na midogo midogo katikati. Kwa jumla ni kama saa 8 hadi 10 kwa siku. Muda uliobaki hucheua na kupumzika.

Mkupuo wa jioni ndio wenye faida zaidi, maana majani yaliyopigwa na jua mchana kutwa yana sukari nyingi na maji machache. Mfugaji anayeanza kukamua saa 11 jioni, kundi zima likisubiri uani hadi giza, anaupoteza mkupuo huo. Kama asubuhi unakamua saa 11, anza tena saa 9 alasiri. Pengo la saa 10 mchana na 14 usiku halisumbui ng'ombe wengi. Kipande kipya cha malisho kifungue jioni, na anayemaliza kukamuliwa aende zake, asingoje wa mwisho.

Kuna faida nyingine hapo. Tundu la chuchu hubaki wazi nusu saa au zaidi baada ya kukamua. Anayekwenda moja kwa moja malishoni atakuwa amesimama akila. Aliyeshibishwa bandani atalala, pengine kwenye tope, na ugonjwa wa kiwele huingilia hapo.

Chakula cha nyongeza si bure. Kila kilo ya pumba na mashudu humpunguzia ng'ombe kama dakika 10 za kula majani, na hasara huwa kubwa zaidi majani yakiwa mengi. Usizidishe kilo 3 kwa mkamuo mmoja: zaidi ya hapo tumbo huchacha, kinyesi huwa cha majimaji na mafuta ya maziwa hushuka. Sileji (majani yaliyovundikwa) na hei (majani makavu) hujaza tumbo kuliko pumba, kwa hiyo usizitoe kabla ya kuwafungulia jioni. Wape mchana wa joto, wakiwa kivulini, ambapo hata hivyo wasingekula majani.

Nusu saa baada ya kuwafungulia, nenda ukawatazame. Wengi wawe wameinamisha vichwa. Wakisimama langoni wakiangalia banda, wamezoea kungoja hori. Punguza nyongeza taratibu, nusu kilo kila baada ya siku chache, huku ukipima maziwa. Lakini hakikisha kwanza majani yapo. Ng'ombe anayeng'ata harakaharaka, zaidi ya mara 60 kwa dakika, huku akihamahama, huenda anakwangua majani mafupi mno. Huyo mwongezee eneo kabla ya kumgusia pumba.